Mkulima Asiye na Kiraka

Mwaka 1590, katika mji wa Venice, Cesare Vecellio alitoa kitabu kikubwa cha mavazi ya watu wa dunia. Picha zake, zaidi ya 400, zilichongwa katika vibao vya mti, zikapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Kila mtu asimama peke yake ndani ya nakshi, kama aliyejitazama katika kioo. Watawala wamo, makasisi wamo, na wakulima wamo. Nataka kusema juu ya hao wa mwisho, kwani wako wanaokitumia kitabu hiki kama shahidi asiyekosea.

Sifa yake aistahili. Picha hazikuwa na rangi, basi Vecellio alieleza kwa maneno nguo ilikuwa ya kitambaa gani na rangi gani. Bila yeye tungalijua machache sana.

Lakini mtazame mwanamke wa shamba katika kurasa hizo. Aproni yake imenyooka, mikunjo ya sketi yaanguka sawasawa, wala hapana tope wala kiraka. Huyu ni mkulima wa siku ya soko au ya sikukuu, yaani siku ambayo mtu wa mjini hukutana naye. Siku ya kulima haimo. Mnunuzi wa kitabu alitaka kujua kila tabaka lavaa nini, na mchoraji akampa alichotaka. Sheria nazo zilitaka vivyo hivyo: amri ya dola ya Ujerumani iliyotolewa Augsburg mwaka 1530 iliwakataza wakulima hariri na dhahabu, ili cheo cha mtu kijulikane kwa nguo yake. Nasema picha hizi zaifanana mno amri ile. Zaonyesha mkulima apasavyo kuwa, na hapo ndipo ninapozishuku.

Linganisha na picha ya Albrecht Dürer wa Nuremberg, aliyoichora katika bamba la shaba karibu na mwaka 1497. Wakulima watatu wanazungumza. Mmoja ana kikapu cha mayai. Mwingine ameegemea upanga, na ala yake imechakaa hata ncha ya chuma yatokeza nje. Sidai kwamba Dürer aliwapenda; yamkini wanunuzi wake waliwacheka watu hao. Hata hivyo ala ile mbovu yatuambia jambo ambalo aproni iliyonyooka haliwezi kutuambia: kitu kimetumiwa miaka mingi, na mwenyewe hana cha kukibadili. Wakulima wa Ujerumani walipoasi mwaka 1524 na 1525, silaha zao nyingi zilikuwa duni mbele ya majeshi ya mabwana.

Wala Vecellio hakuwa mgeni wa shida. Alizaliwa Cadore, nchi ya milima na baridi kali, na bila shaka alikwisha kuona koti lililotiwa viraka.

Kitabu chake kina kurasa za Afrika pia. Nilipozifikia, nilizisoma polepole zaidi.