"Mishipa" ya Mti: Sitiari Ipotoshayo

Katika maelezo ya biolojia kwa Kiswahili, zilemu na floemu mara nyingi huitwa "mishipa". Sitiari hii yapendeza, lakini humfanya mwanafunzi atafute moyo usiokuwepo. Maji ya zilemu hayazunguki kama damu. Huvutwa juu na uvukizi majanini, na mengi hayarudi. Sukari hupita katika floemu, ikashuka hadi kwenye mizizi ya muhogo. Mkulima wa Kamina aonaye myombo uliobanduliwa gome pande zote ukibaki na majani mabichi kwa muda, kisha ukafa kwa mizizi kukosa chakula, anao mfano bora zaidi. "Mfereji" ungefaa kwa zilemu, ambayo seli zake zimekufa. Kwa floemu, iliyo hai, haufai.