Moto Chini, Moto Juu

Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya moto wa jikoni: chungu huinjikwa na kuepuliwa, kuni huchochewa na kuchomolewa, na wali uliokaribia kukauka hupaliwa. Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko wa sufuria na kuacha machache tu chini yake, ili chakula kikamilike kwa joto linalokibana pande zote mbili bila kuungua upande wowote. Mtu anayejua kupalia anajua kwamba moto si kitu kimoja, kwamba upo moto wa kuchemsha na moto wa kukausha, na kwamba umahiri wa mpishi hauko katika wingi wa moto alionao bali katika kuugawa. Kwa sababu hiyo, jiko linalotumia gesi na umeme kwa pamoja, ambalo siku hizi limesimama katika nyumba kadhaa za Isevya, halimkuti mpishi wa huko akiwa mgeni kabisa. Maarifa linayoyadai yamo mikononi mwake tayari, na kinachobaki ni kuyahamisha kutoka kwenye makaa kwenda kwenye vitufe vya kuzungusha.

Isevya ni kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, na ambao Richard Burton na John Speke waliufikia mwezi Novemba 1857, ukiitwa Kaze, baada ya kutembea kutoka pwani tangu Juni. Njia hiyo iliyobeba pembe za ndovu na watumwa ilibeba pia mapishi. Miembe ikaota kandokando yake, na wali wa nazi, maandazi na mkate wa kumimina vikaingia katika nchi ya ugali, mlenda, michembe ya viazi vitamu na uyoga wa misitu ya miyombo. Ndiyo maana jiko la Tabora hupika kwa lugha mbili: ugali unaotaka moto mkali na mkono wenye nguvu, na mikate ya pwani inayotaka moto mpole na subira. Kwa muda mrefu kuni na mkaa wa miyombo vimetosheleza lugha zote mbili, ingawa miti hiyohiyo huitwa pia na mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku, na kila mwaka safari ya kuifuata huzidi kuwa ndefu.

Jiko linalozungumziwa hapa kwa kawaida lina plate nne juu, tatu za gesi na moja ya umeme, na chini yake oveni, yaani tanuri dogo lenye mlango wa kioo, inayopashwa joto kwa koili za umeme. Nishati zake mbili zina asili tofauti, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Gesi ya mtungi haitoki Mtwara wala Songo Songo, kama wengi wanavyodhani. Ni mchanganyiko wa propani na butani, gesi zinazogeuka kimiminika zikigandamizwa, ambao huletwa nchini kwa meli na kupandishwa Tabora kwa malori. Gesi asilia ya Songo Songo huchomwa kwenye mitambo ya kufua umeme na, pamoja na maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, hufika Isevya ikiwa imeshakuwa umeme ndani ya waya. Kwa hiyo mpishi anayeoka mkate huenda anatumia gesi ya Songo Songo bila kuiona, wakati plate ya pembeni inawaka gesi iliyovuka bahari.

Sifa ya moto wa gesi ni utii. Hupanda na kushuka papo hapo mkono unapozungusha kitufe, jambo ambalo kuni haziwezi na mkaa hauwezi kabisa. Moto wenye afya huwa wa buluu, mfupi, unaotulia kwenye vitundu vyake. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, maana yake gesi haipati hewa ya kutosha, pengine kwa sababu vitundu vimezibwa na uji uliofurika, na moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu ambayo huua. Utii huo, hata hivyo, una gharama yake. Plate kubwa yenye nguvu ya wati 3,000 hivi, ikiwashwa hadi mwisho, hula takriban gramu 235 za gesi kwa saa, kiasi kwamba mtungi wa kilo 6 ungemalizika kwa saa 25 au 26 za kuwaka mfululizo. Ndimi za moto zinazopanda ubavuni mwa sufuria huku zikiupasha joto mpini ni fedha inayotoka dirishani. Jambo jingine linahusu Tabora hasa: mji huu uko juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva huku kuliko Tanga, na maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyaongezei joto hata kidogo. Huongeza mvuke tu. Mpishi anayeyaloweka maharage usiku kucha, akayafunika, akashusha moto mara yanapochemka, hatumii ujanja wowote. Ameelewa tu maji yanavyofanya kazi.

Mlenda ndio mtihani halisi wa moto huu. Mboga hiyo yenye ute, hasa ikitiwa magadi, huvimba na kutoa povu ghafla, na mpishi aliyegeuka kidogo kuchukua chumvi hukuta povu limemwagika kwenye plate na kuuzima moto. Hapo ndipo hatari inapoanza kimyakimya, kwa kuwa moto umezimika lakini gesi inaendelea kutoka. Majiko mengine yana kijiti cha chuma kando ya plate kinachohisi joto: kikipoa, huifunga gesi chenyewe baada ya muda mfupi, na ndicho kinachomlazimu mpishi ashikilie kitufe kwa sekunde chache anapowasha, ili kijiti kipate moto kwanza. Wengi huona usumbufu katika kushikilia huko, ilhali ni kinga bora kuliko zote zilizomo jikoni. Majiko ya bei nafuu mara nyingi hayana kijiti hicho, na mwenye jiko la namna hiyo hana budi kupika mlenda kwenye sufuria kubwa kuliko mahitaji, moto ukiwa mdogo, macho yakiwa kwenye chungu.

Ugali una shida tofauti, shida ya mwili. Juu ya mafiga au jiko la mkaa, msongaji hukaa chini kwenye kigoda, sufuria imetulia karibu na magoti yake, na nguvu ya kusonga hushuka kwenda ardhini. Juu ya jiko refu sufuria hukaa kwenye vyuma vyembamba usawa wa kiuno, na kila msukumo wa mwiko huisogeza. Jiko jepesi huanza kutikisika lenyewe. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye oveni nzuri bado husongea ugali wa watu kumi uani, kwenye mkaa. Si ushamba, ni hesabu sahihi. Anayetaka kuusongea kwenye gesi hufanya vyema kutumia sufuria nzito yenye tako pana, kushika sikio lake kwa kitambaa kikavu kisichoning'inia, na kushusha moto kabla ya kuanza kusonga, kwa maana mkono ulio juu ya sufuria wakati huo hauna pa kukimbilia.

Umeme una tabia nyingine kabisa. Plate ya umeme huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, mithili ya kaa lililofukiwa majivuni, na anayeitaka ipande na kushuka kama gesi ataichukia. Kazi yake ni zile zinazotaka joto lisilobadilika: mchuzi unaokolezwa polepole, karanga zinazopikwa na michembe, maziwa yasiyotakiwa kufurika. Plate hiyo hutoa joto kwa kugusana, kwa hiyo sufuria iliyobonyea tako, ambayo juu ya gesi haina neno, hapa huacha nafasi ya hewa katikati na umeme ukapotea bure. Mpishi mzoefu huizima dakika kadhaa kabla chakula hakijaiva na kukiacha kimalizikie kwenye joto lililobaki, na uniti za LUKU zikapumua.

Oveni ndipo kupalia kunaporudi. Kwenye kitufe chake huwa kuna alama ambazo wauzaji huzielezea mara chache sana, japo hawachoki kueleza dhamana: mstari mmoja chini ya kisanduku ni koili ya chini, mstari juu ni koili ya juu, mistari miwili ni zote kwa pamoja, na feni ni hewa moto inayozungushwa. Kwa maneno mengine ni makaa ya chini, makaa ya juu, na makaa pande zote. Mkate wa kumimina, unaotokana na mchele uliolowekwa na kusagwa na tui, hamira, sukari na iliki, huonyesha maana ya alama hizo waziwazi. Juu ya mkaa, mpishi wa zamani aliacha moto wa chini uutie mkate nguvu kwanza, kisha akahamishia makaa kwenye mfuniko ili uso wake upate rangi. Makaa ya juu yakitangulia, uso hufunga mapema na katikati hubaki mbichi. Katika oveni mpangilio ni uleule. Joto la nyuzi 180 hivi huandaliwa kabla chombo hakijaingia, na dalili yake ni taa ndogo inayozimika pale thamostati, yaani kifaa cha kupima na kukata joto, inapokata umeme. Mkate huingia kwa koili ya chini au zote mbili, na koili ya juu peke yake hutumika dakika za mwisho tu. Mlango haufunguliwi ovyo, kwa sababu kila unapofunguliwa joto hutoka na mkate unaoinuka huweza kunywea. Kioo kimewekwa ili watu wachungulie.

Hatari iliyo mahususi kwa jiko hili hukaa pale nishati zake mbili zinapokutana. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai bali hutambaa sakafuni na kutulia pembeni na chini ya makabati, ikisubiri cheche. Umeme ndio wenye cheche. Kwa hiyo harufu ya gesi inaposikika, harufu ambayo hutiwa makusudi na wazalishaji kwa sababu gesi yenyewe haina harufu ya kutosha kutambulika, kitendo cha kwanza si kuwasha taa ili kutafuta pale inapovuja, wala kuzima oveni, kwani swichi hutoa cheche inapozimwa sawasawa na inapowashwa. Mtungi hufungwa, mlango na madirisha hufunguliwa, watu hutoka, na jikoni huachwa hadi hewa isafike kuanzia chini. Pale inapovuja hutafutwa baadaye kwa povu la sabuni lililopakwa kwenye maungio, ambapo mapovu yanayovimba huonyesha tundu, na kamwe haitafutwi kwa kiberiti.

Hapo pia ndipo mpira wa gesi unapostahili kutazamwa. Nyuma ya oveni hupata joto kali, na mpira uliopitishwa hapo kwa sababu ni njia fupi hukauka, ukapasuka ndani kwa ndani kabla ya kuonyesha ufa nje. Hupitishwa pembeni na chini, hukazwa kwa banio la chuma wala si kwa kamba, na hubadilishwa kufuata mwaka uliochapwa juu yake. Mtungi wenyewe husimama wima, kivulini, ikiwezekana nje ya ukuta, mbali na jiko la mkaa la uani ambalo bila shaka halijastaafu. Kwa upande wa umeme, soketi ya kawaida ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 hubeba wati 3,000 hivi. Oveni na plate ya umeme zikiwaka pamoja huweza kuzidi hapo, na plagi inayobadilika rangi kuwa kahawia imeshatoa onyo lake. Jiko la namna hii hustahili waya wake na swichi yake, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, pamoja na waya wa ethi unaopeleka ardhini umeme unaovuja, kwa kuwa mpishi mwenye mikono ya maji hushika bati la jiko siku nzima.

Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni jema, na misitu ya Tabora ingelishukuru. Lakini mazungumzo mengi huishia kwenye idadi ya mitungi iliyogawiwa, kana kwamba moto mpya huja na ufundi wake ndani ya boksi.

Ufundi huo huonekana zaidi siku umeme unapokatika mkate ukiwa ndani. Mpishi asiyejua hufungua mlango kuangalia, na hapo ameshaupoteza. Anayejua huchungulia kioo kwanza. Uso ukiwa umeshashika, huacha kila kitu kilivyo, kwa kuwa kuta za oveni zina joto la kutosha kuumalizia mkate taratibu. Uso ukiwa bado unacheza kama uji, huutoa mkate upesi, akauweka uani kwenye jiko la mkaa lililopunguzwa moto, akaufunika kwa bati, na kwa koleo akaanza kupanga makaa juu yake, moja moja, kuanzia ukingoni.