Wimbo Unaoacha Nafasi

Mtu anayechagua wimbo wa kwenda nao kwenye usaili wa tamthilia ameshaihakiki tamthilia hiyo kabla hajafungua mdomo. Ametuambia anadhani inahusu nini, inamtaka mwigizaji wa namna gani, na yeye mwenyewe anataka kusimama wapi ndani yake. Sauti tunaweza kuinoa. Huo uamuzi wa kuchagua ndio unaonipa kazi ya kufikiri.

Hapa Tunduma kuna kikundi cha vijana kinachoandaa Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando iliyochapishwa mwaka 1982. Nilikuwa mmoja wa watatu tuliokaa mezani kwa siku mbili kuwasikiliza walioomba nafasi. Walikuja waimbaji wa kwaya za makanisa, vijana wanaobadilisha kwacha kwa shilingi mpakani, wahitimu wa kidato cha sita wanaosubiri majibu, na wawili waliodamka alfajiri kuwahi basi kutoka Ileje. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, bati juu, maiki hakuna, na nje malori yanayoelekea Zambia na Kongo yalikuwa yakinguruma katika foleni yao ya kila siku.

Nyimbo zilizoletwa zilitoka katika makapu matatu. Kapu la kwanza ni injili. La pili ni Bongo Fleva, hasa zile za mapenzi yaliyovunjika. La tatu ni zile za Kiingereza ambazo kila anayeliamini koo lake huzikimbilia, na mbele yao wote yupo Whitney Houston wa mwaka 1992. Lakini ukiweka pembeni lugha na maudhui, nyingi zilikuwa wimbo mmoja tu. Unaanza chini kwa upole, unapanda mlima taratibu, unafika kileleni kwenye noti moja ndefu, na hapo mwimbaji hufumba macho na kunyanyua mkono. Baada ya hapo msikilizaji hana la kufanya zaidi ya kupiga makofi.

Mlima huo tumefundishwa na runinga. Pop Idol ilianza Uingereza mwaka 2001, Marekani wakaifuata mwaka 2002, na sisi tukapata Bongo Star Search yetu, inayopita mikoani kusaka vipaji. Siwalaumu. Mashindano yale yanamtafuta mtu mmoja atakayelibeba jukwaa peke yake, na kwa kazi hiyo noti ndefu ni kipimo cha haki. Tatizo ni kwamba kizazi chetu kimeuona usaili wa aina moja tu, kikadhani ndio usaili wenyewe.

Sasa iweke Nguzo Mama mezani. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Hawakupewa hata majina ya kawaida. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane. Kila mmoja ana la kwake linalomvuta pembeni, na nguzo inagoma kusimama. Bi Msimulizi ndiye anayetuongoza katika hadithi, na Muhando anaijenga kwa masimulizi, nyimbo na ngoma, vitu ambavyo kijijini havina mtazamaji aliyekaa mikono kifuani. Katika mila hizo anayeanzisha wimbo anarusha mstari, na wimbo haujawa wimbo mpaka wengine waudake. Tamthilia nzima inauliza kwa nini watu wenye shida moja wanashindwa kuvuta pamoja. Ukija kuiombea nafasi kwa wimbo usiomhitaji mtu mwingine, umekuja na jibu la swali lingine.

Najua kuna atakayesema: kumbe huyu naye ni wale wa "tuimbe vya kwetu". Hapana. Chukua huo huo wimbo wa Whitney. Aliyeutunga ni Dolly Parton, akautoa mwaka 1974, na alimwandikia Porter Wagoner, mwenzake wa kazi, alipokuwa akiachana naye ili aendelee na safari yake mwenyewe. Katika toleo lake kuna sehemu ambayo haimbi kabisa. Anasema tu, kama mtu aliyesimama mlangoni na begi. Ndani ya wimbo kuna anayeambiwa. Kama yeyote kati ya wale waliouimba pale ukumbini angemtazama mmoja wetu na kumuaga, ningeandika jina lake haraka. Waliliimbia bati.

Wala wenzetu wa New York, ambao tamthilia za muziki ni biashara yao, hawatafuti mlima peke yake. Huko mwombaji mara nyingi hupewa vipimo 16 tu vya muziki, karibu nusu dakika, na pembeni amekaa mpiga piano ambaye huenda hawajawahi kuonana. Mezani wanamsikiliza anavyoimba, na pia wanamwangalia anavyoelewana na yule wa piano. Mwaka 1975 walitengeneza tamthilia nzima kuhusu usaili, A Chorus Line, iliyochezwa Broadway mara 6,137 hadi ilipofungwa mwaka 1990. Wacheza dansi wanajieleza mmoja mmoja, tunawajua, tunawapenda. Kisha mwishoni wote wanatoka na mavazi yaleyale ya dhahabu, mstari mmoja, na macho yanahangaika kumtafuta yule uliyempenda. Kile kilichowafanya wachaguliwe kinamezwa na kazi waliyochaguliwa kuifanya. Ni tamthilia yenye huruma, na ina onyo kwa sisi tunaokaa mezani: ujue unamchagulia mtu kazi gani.

Siku ya pili, mchana, aliingia dada anayeuza kapenta sokoni. Alisema ataimba wimbo wa kutwanga, wa Kinyamwanga. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Akatutazama. Akaurudia, akanyamaza tena.

"Endelea basi, binti," mwalimu aliyekuwa kiongozi wa meza akamwambia.

"Nawasubiri ninyi, mwalimu," akajibu, wala hakuwa anatania.

Mara ya tatu mpiga ngoma wetu, aliyekuwa amekaa dirishani, akaudaka mstari. Mara ya nne wakaingia wale waliokuwa wakisubiri zamu yao mlangoni, na nusu yao hawajui Kinyamwanga hata salamu. Hakuna aliyefumba macho, maana ukifumba macho utakosa kuona zamu yako inaanzia wapi.

Alipotoka, tulibishana kuliko tulivyobishana kwa mtu mwingine yeyote. Mwalimu, mstaafu aliyefundisha kwaya kwa miaka mingi na masikio yake hayadanganyiki, alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza: ule wimbo ni wa ng'ambo, amewahi kuusikia Nakonde. Hoja hiyo ilikufa mapema. Wanyamwanga wapo pande zote mbili za mpaka, na mpaka ulipochorwa hakuna aliyeuliza nyimbo zinataka kubaki upande gani. Mji kama huu, uliokua juu ya barabara kuu na reli ya TAZARA, ukianza kuwadai watu cheti cha kuzaliwa cha kila wimbo, utabaki na ukimya.

Hoja ya pili ilikuwa nzito. "Sauti yake ni ndogo," mwalimu alisema. "Ukumbi hauna maiki. Mtu wa kiti cha mwisho amelipa kiingilio kama wa kiti cha kwanza. Huyo mnamwimbia nini?"

Sina jibu la kuifuta hoja hiyo, na sitaki kuifuta. Muigizaji asiyesikika anamdhulumu mtazamaji, na wahakiki wengi wanaosifu "uhalisia" wa waigizaji wetu huwa wamekaa safu ya mbele. Ila kuna tofauti kati ya upungufu unaotibika na ule usiotibika kirahisi. Pumzi inafundishwa, kwaya zetu zimekuwa zikiifundisha miaka yote kwa solfa ubaoni na mazoezi ya jioni. Kumfundisha mtu kungoja mwenzake, hasa mtu aliyezoea kupigiwa makofi, sijui kama wiki sita za mazoezi zinatosha. Tena mtu wa kiti cha mwisho anaweza kufikiwa kwa njia mbili: kwa sauti moja kubwa, au kwa wimbo ambao wa kiti cha kati ameshaudaka na anampasia.

Tulimpa nafasi ya Bi Msimulizi. Mwalimu alikubali kwa sharti la wiki tatu za mazoezi ya pumzi, chini yake mwenyewe, kila jioni baada ya soko. Kijana wa noti ndefu kuliko zote naye tumemchukua. Tutaona atafanya nini siku atakapokuwa mwitikiaji.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa usaili kama huu, iwe Tunduma au Dar es Salaam, kabla ya kuuliza wimbo gani utaonyesha sauti yako, jiulize maswali matatu. Katika wimbo huu naongea na nani? Ni wapi ndani yake ninanyamaza, na ukimya huo una kazi gani? Na mtu asiyeujua akiusikia mara mbili, anaweza kuingia? Wimbo wa Kiingereza unaweza kufaulu maswali hayo yote, na wimbo wa bibi yako ukayafeli yote matatu kama umeugeuza mlima.

Na sisi tunaoandika matangazo tuna sehemu yetu. Karibu kila tangazo la usaili ninaloliona linasema: njoo na wimbo wowote, dakika moja. Maneno hayo yanamwita mwimbaji wa peke yake, kisha tunashangaa akija. Kwa tamthilia ya Muhando, na kwa nyingi za kizazi chake, ningeandika: njoo na wimbo unaoweza kutufundisha sisi sote ndani ya dakika moja. Nadhani foleni ya mlangoni itakuwa na watu tofauti, na baadhi yao wataanza kuimba pamoja kabla hawajaitwa ndani.