Tusitafsiri majina ya siasa kikasuku

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya habari kutoka Australia. Humo, chama cha Liberal kilielezwa kuwa cha 'mrengo wa kushoto'. Nilipomsaili, alijibu: "Lakini Prof, si waliberali wote ni wa kushoto?"

La hasha! Hao ni wa Marekani. Huko, tangu enzi za Rais Franklin Roosevelt miaka ya 1930, mliberali ni anayetaka serikali iingilie uchumi ili kuwakinga wanyonge. Katika Uingereza ya karne ya 19, mliberali alitetea biashara huria na serikali isiyojitia katika kila jambo. Chama cha Australia, alichokiasisi Robert Menzies mnamo 1944, ni cha wahafidhina. Nchini Denmark nako kuna chama kiitwacho Venstre, yaani 'Kushoto', ilhali sera zake zinaegemea kulia!

Asili ya maneno haya ni viti tu. Mnamo 1789, katika bunge la Ufaransa, watetezi wa mamlaka ya mfalme walikaa kulia kwa mwenyekiti, wapinzani wao kushoto.

Kwetu Kenya, tatizo ni maradufu. 'Mrengo' katika magazeti yetu ni muungano wa wanasiasa: mrengo wa Azimio, mrengo wa Kenya Kwanza. Hauhitaji itikadi, mtu huuhama asubuhi akapokelewa kwingine jioni. Isitoshe, mkono wa kulia ndio tunaolia chakula, na mzee hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Basi anayeitwa 'wa kushoto' huanza kushukiwa kabla hajasikilizwa. Neno 'huria' nalo halisaidii sana. Tuna soko huria na chuo kikuu huria. Je, 'mwanasiasa huria' amefunguliwa kutoka wapi?

Huu si mzaha wa wanaisimu. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulihubiri 'Ujamaa wa Kiafrika' huku ukilinda mali ya kibinafsi na kukaribisha mitaji ya kigeni. Miaka miwili baadaye, Azimio la Arusha lilitangaza ujamaa uliotaifisha mabenki. Neno lilikuwa moja, sera mbalimbali. Hapa kwetu, Bildad Kaggia aliyewatetea wasio na ardhi, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, walibandikwa jina la ukomunisti. Hoja ya ardhi ikazimwa na jina, na wengi hawakuuliza Kaggia alisema nini hasa.

Rai yangu kwa wanahabari na watafsiri ni hii: jina la chama liachwe lilivyo, kisha msomaji aelezwe chama hicho kinataka nini kuhusu kodi, ardhi, hospitali na mishahara. Mwanafunzi wangu aliirudia kazi yake hivyo. Tafsiri ilirefuka kwa sentensi mbili, na safari hii nilielewa nani anapigania nini.