Kagua Nakala Kabla ya Jina: Kukodi Filamu Fupi za Vichekesho na za Majaribio

Klabu nyingi za filamu huchagua kwa jina. Kiongozi hufungua orodha ya wakodishaji, akaona Buster Keaton au Maya Deren, akalipa. Lakini kinacholetwa ukumbini ni nakala, na nakala mbili za filamu moja zaweza kupishana kiasi kwamba moja inawaangusha watu kwa kicheko na nyingine inawapigisha miayo. Chukua One Week ya Keaton ya mwaka 1920. Nyumba ya maharusi imekwama relini, treni inakuja, wenyewe wanafumba macho, kumbe inapita njia ya pili. Wanashusha pumzi, na hapo hapo treni nyingine inatokea upande wa pili na kuisambaratisha nyumba. Kichekesho hicho chote kimejengwa juu ya kingo za picha. Filamu za zama hizo zilikuwa na picha iliyokaribia mraba, upana 1.33 kwa kimo 1. Sauti ilipoingia, njia yake ilichukua sehemu ya kushoto ya mkanda wa milimita 35, hivyo nakala kadhaa zilizochapwa baadaye zikakosa ukanda wa picha upande huo. Siku hizi kuna wanaokata juu na chini ili kujaza skrini pana. Keaton aliiweka kamera mbali makusudi, mwili wake na mazingira vionekane pamoja. Ukimkata miguu, umekata kazi yake.

Baada ya umbo la picha, tazama nyuso. Nakala iliyotokana na nakala ya nakala huzidi kukolea kila kizazi: uso uliopakwa poda huwa bapa jeupe, macho yanabaki mashimo meusi, majani ya miti yanakuwa doa moja, na kadi za maandishi zinavimba herufi. Kwa Keaton, ambaye hucheka kwa nadra mno kwenye filamu na huongea kwa macho, hasara hiyo haifidiki. Vumbi nalo husema. Chembe nyeusi kwa kawaida ziko juu ya nakala yenyewe na huenda zikasafishika. Chembe nyeupe zilikuwa kwenye negativu wakati wa kuchapa, nazo haziondoki kwa kitambaa. Ukifungua kopo la mkanda wa zamani likanuka siki, asetati imeanza kuoza na mkanda waweza kuwa umesinyaa. Usiuingize kwenye projekta.

Kasi ndiyo yenye ubishi. Futi 400 za milimita 16 zina fremu 16,000: kwa fremu 24 kwa sekunde huisha kwa dakika 11 hivi, kwa fremu 18 hukaribia 15. Wapo wasemao vichekesho bubu vilikusudiwa kwenda mbio, na wana sehemu ya ukweli, kwani wapiga picha walizungusha kamera polepole ili mwendo uonekane wa haraka. Ila haraka hiyo ilipimwa. Entr'acte ya René Clair (1924), inayosimama mguu mmoja kwenye vichekesho na mwingine kwenye majaribio, ina waombolezaji wanaorukaruka taratibu nyuma ya gari la maiti linalovutwa na ngamia, kisha jeneza linakimbia na wote wanalifukuza. Ikienda kasi mwanzo hadi mwisho, ile tofauti ya mwendo hupungua nguvu, na kicheko kilitoka humo.

Wengine watadai kwamba filamu ya majaribio haihitaji ukaguzi huo, maana mikwaruzo ni sehemu ya sanaa. Naona kinyume. Katika Blinkity Blank (1955), Norman McLaren alichora kwa kukwaruza mkanda mweusi. Kwa Mothlight (1963), Stan Brakhage hakutumia kamera, alibandika mbawa za nondo na majani. Pale ambapo kila alama ni ya msanii, mkwaruzo wa projekta mbovu unaingilia mchoro. Hata kimya kina wenyewe. Kichekesho bubu kilionyeshwa na muziki ukumbini, kwa hiyo mpiga kinanda anakaribishwa. Mothlight iliachwa kimya kwa makusudi, na kuiwekea muziki ni kuiharibu. Meshes of the Afternoon ya Deren na Alexander Hammid ilitoka 1943 bila sauti, na muziki wa Teiji Ito ukaongezwa 1959. Uliza unaletewa ipi.

Je, si filamu hizi zipo bure mtandaoni? Nyingi zipo, na aghalabu zimetoka kwenye nakala chakavu, kwa sababu haki za vichekesho bubu vingi zimekwisha na yeyote anaweza kuvidurufu. Kazi ya ukarabati ya Cineteca di Bologna na Lobster Films imerudisha filamu za Chaplin na Keaton kwenye hali ambayo kizazi cha mikanda chakavu hakikuijua, na hiyo inastahili bei yake. Kwa majaribio, Canyon Cinema ya San Francisco, Light Cone ya Paris na LUX ya London huorodhesha aina ya mkanda na muda wa kila filamu. Kabla ya kulipa, mwandikie mkodishaji umuulize chanzo cha nakala, urefu, kasi, umbo la picha na sauti. Akishindwa kukujibu, tafuta mwingine.