Milango ya Mfalme

Ukimwekea Mwalimu fumbo la chesi, weupe waanze na washinde kwa hatua mbili, vijana waliomzunguka hukimbilia malkia mara moja. Aende wapi? Ale nini? Amtishe nani? Mwalimu huweka kidole juu ya mfalme mweusi na kuuliza, "Huyu ana milango mingapi?"

Kisha anaihesabu, chumba kwa chumba. Mfalme aliye katikati ya ubao ana vyumba vinane vya kukimbilia, aliye ukingoni ana vitano, aliye pembeni kabisa ana vitatu. Kipi kinalindwa na adui? Kipi kimezibwa na kete yake mwenyewe? Kipi kiko wazi? Hapo bado hajagusa kete hata moja ya kushambulia, na kijana aliyeona malkia akila kitunda ameshakata tamaa ya kusikilizwa.

Mwalimu alistaafu kufundisha hisabati. Sasa ana mashine ya kukamua alizeti mjini Singida, na msimu ukipamba moto usimtafute kwa mambo ya chesi. Magunia yakipungua ndipo ubao unapotoka. Ni kipande cha plaiwudi alichokichora mwenyewe, na kete zake ni visoda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito. Mfalme na malkia wote wawili ni M, kwa hiyo malkia ameongezewa nukta. Visoda ni urithi wa drafti, mchezo unaotawala vijiwe vyetu, na mara nyingi mpita njia husimama, akaangalia, akauliza kwa nini wanacheza drafti vibaya namna ile.

Mafumbo yenyewe yako kwenye daftari, kila moja limechorwa kwa rula. Mwalimu hapendi yale yaliyotungwa na mtu mezani, ambapo kila kete imewekwa kwa kazi maalumu. Anachukua mechi zilizochezwa kweli na kusimamisha ubao kabla tu ya mwisho. Nadhani ana sababu nzuri. Katika mechi halisi kuna kete zilizobaki njiani bila kazi, vitunda vilivyosahauliwa, ngome ambayo haijawahi kutoka nyumbani. Mtatuzi lazima ajue kipi ni cha kutazama na kipi ni vumbi tu la vita.

Anachoanza nacho kwa kila mgeni ni mechi ya Paris ya mwaka 1858. Mmarekani Paul Morphy, kijana wa miaka 21, alialikwa kwenye jumba la opera, na humo humo akacheza dhidi ya waheshimiwa wawili walioshauriana kila hatua, Duke wa Brunswick na Count Isouard. Mechi iliisha kwa hatua 17. Daftari linaanzia hatua ya 16.

Mfalme mweusi yuko e8, hajasogea tangu mwanzo. Hesabu milango. Vyumba vya d8 na e7 vinatazamwa na askofu mweupe aliye g5. Kwenye f7 kuna kitunda cha mfalme mwenyewe, kwenye f8 kuna askofu wake mwenyewe, na kwenye d7 kuna farasi wake. Vyote vitano vimefungwa, na vitatu kati yake amevifunga kwa mkono wake. Jela imeshajengwa, kinachokosekana ni cheki.

Nani wa kuitoa? Ngome nyeupe iko d1 na mstari wote wa d uko wazi mbele yake, isipokuwa yule farasi wa d7. Hapo ndipo swali linapogeuka, na ndipo ninapopenda kumwangalia Mwalimu, kwa sababu huwa anatulia kabisa. Farasi huyu ataondokaje? Hataondoka kwa hiari. Lazima alazimishwe kula kitu, kitu ambacho hakiwezi kuliwa na mwingine yeyote. Malkia mweupe anapanda kutoka b3 hadi b8 na kutoa cheki. Mfalme hana pa kwenda. Malkia mweusi hawezi kuja kuziba, maana njia yake imezibwa na farasi huyo huyo. Farasi anakula. Ngome inaingia d8 ikiwa na askofu nyuma yake, na mchezo umekwisha. Chumba cha d7 kimeachwa tupu, lakini ngome inakitazama.

Weusi wamebaki na malkia, ngome, askofu na farasi. Weupe wana ngome na askofu, basi, ukiacha mfalme na vitunda.

Watu husifu hatua ile ya malkia kwa ujasiri wake. Nikikaa na Mwalimu siuoni ujasiri wowote. Malkia anatolewa kwa kuwa kila kitu kingine kimeshakaguliwa na hakihitajiki zaidi. Ni kilichobaki baada ya kutoa. Pengine ndiyo maana hatoi alama kwa mtu anayetaja hatua ya kwanza peke yake. Daftarini kuna safu mbili: kushoto hatua yetu, kulia majibu yote ya adui, hata yale ya kijinga. Safu ya kulia ikiwa fupi kuliko inavyopaswa, karatasi inarudishwa bila neno.

Kuna ukurasa mmoja alioutilia alama ya kuuliza. Ni mechi inayosemwa kuwa ilichezwa New Orleans mwaka 1920, kati ya Edwin Adams na mwanafunzi wake Carlos Torre, ambamo malkia mweupe anajitoa tena na tena na kila mara hawezi kuliwa, kwa sababu anayemla ataacha mstari wa mwisho bila mlinzi. Wanahistoria wengi wa chesi wanashuku kwamba haikuchezwa kamwe, kwamba iliandaliwa baadaye. Mimi ningeuchana ukurasa huo, kwa kuwa sheria ya daftari ni mechi za kweli. Mwalimu amekataa. Anasema hesabu ni sahihi hata kama tarehe ni ya uongo, na alama ya kuuliza inatosha.

Siku hizi wanaokuja ni wa sekondari zaidi. Baadhi waliona ile filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016 kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende na kufika kwenye Olimpiadi ya chesi. Wanakuja wakitaka kushinda watu. Wanapewa safu ya kulia.

Kurasa za mwisho ziko nje ya sheria ile ya mechi za kweli: ni za sataranji ya kale, ile iliyochezwa Baghdad katika karne ya 9 na ya 10, wakati mabingwa kama al-Adli na as-Suli walipokuwa wakikusanya mafumbo yaliyoitwa mansuba. Fumbo moja la as-Suli lilikaa zaidi ya miaka elfu moja kabla Yuri Averbakh, bingwa wa Kisovieti, hajalifumbua. Hilo Mwalimu haligusi. Analopenda ni la Dilaram. Kisa chake kinasema mume alimweka mkewe, Dilaram, dau, akawa karibu kushindwa, na mke akamnong'oneza kwamba azitoe ngome zake mbili ili amwokoe yeye. Ngome zote zinakwenda kweli, moja baada ya nyingine, na anayemaliza kazi ni farasi akisaidiwa na vitunda viwili na tembo.

Tembo huyo ndiye anayewaangusha. Anasimama mahali pa askofu wa leo, lakini anaruka vyumba viwili tu kwa mshazari, hata kama kuna kete katikati, na hawezi kitu kingine. Vijana wanaocheza vizuri humtembeza kama askofu, wakalinda vyumba ambavyo hakuna anayevilinda, wakapata mati isiyokuwepo. Mara ya mwisho Mwalimu alipolitoa fumbo hilo, wa kwanza kujaza safu zote mbili alikuwa binti wa kidato cha pili aliyekuwa bado anajifunza kete zinavyokwenda. Hakuwa na askofu wa kumsahau.