"Acha ngano uone": ushauri uliosahau ugali wa muhogo

Huenda umeshatumiwa ujumbe wa aina hii. Sauti ya dakika chache kwenye WhatsApp: kama tumbo linajaa gesi, unaharisha mara kwa mara na unachoka bila sababu, basi shida ni gluteni. Acha ngano wiki mbili uone. Ukipata nafuu, umeshajijua.

Nataka kuukosoa ushauri huu, ila kwanza niupe haki yake. Ugonjwa wa siliaki upo kweli. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na jamaa zao. Kwa mwenye ugonjwa huu, kinga ya mwili ikikutana nayo hugeuka na kushambulia utumbo mwembamba. Vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula huisha, mtoto anakula na bado haongezeki, mtu mzima anapungukiwa damu hata akimeza vidonge vya madini ya chuma. Na ni kweli kwamba kuacha mkate kulisaidia kuugundua. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa ameshaanza kuishuku ngano miaka ya 1930. Ilipokuja njaa ya 1944–45 mkate ukaadimika, wagonjwa wake wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Lakini ona tofauti: Dicke alikuwa na wagonjwa anaowafahamu, na aliona kuacha na kurudia. Wewe na wiki zako mbili unaona upande mmoja tu.

Kibaya zaidi, kuacha kunaharibu kipimo. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa tTG-IgA, na kinatafuta kingamwili zinazotokana na ugomvi huo wa utumboni. Ukiacha gluteni zinapungua, na baada ya miezi kadhaa damu inaweza kusema huna kitu. Ndiyo maana wanaoupinga ujumbe ule hujibu haraka: usibadili chochote, kula kama kawaida mpaka upimwe.

Hapo ndipo mimi nagombana na pande zote mbili. Kawaida ya nani?

Kawaida ya nyumba nyingi za Kasulu ni ugali wa muhogo au wa mahindi, maharage, ndizi, viazi, dagaa. Gluteni hamna. Ngano inaingia kwa andazi la hapa na pale, chapati ya sikukuu. Mtu wa Kibondo akila "kama kawaida" kisha akatoa damu, jibu la "hakuna" linaweza kumaanisha tu kwamba hajala ngano ya kutosha. Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa 2015 unataja kiasi: gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa angalau wiki sita. Kwa mtu wa London hiyo ni mkate wa asubuhi na tambi za jioni, wala hashtuki. Kwa Kibondo ni chapati asubuhi na mkate jioni kwa siku 42, na hiyo ni bajeti ya familia, si jambo la kumwambia mtu kwa sentensi moja. (Ukifika huko, omba wapime na jumla ya IgA. Wapo wasioitengeneza ya kutosha, na kwao kipimo kinadanganya.)

Tena ujumbe unaruka hatua iliyo karibu. Kipimo cha tTG si cha zahanati, lakini choo kinapimika. Giardia, kimelea cha maji machafu, naye huharibu vijidole vilevile na kuleta gesi, kuharisha na uchovu uleule. Mara nyingine anaondoka mwenyewe baada ya wiki chache. Sasa kama uliacha chapati wiki hizo hizo, utaipa sifa nani?

Damu ikionyesha ugonjwa, mtu mzima kwa kawaida anahitaji endoskopi, yaani hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Ikithibitishwa, ngano ni kuacha maisha yote. Muhogo hapo unakuwa neema, ila shida haiishi: unga wa lishe mara nyingi huchanganywa ngano humohumo na ulezi na soya, na mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano inakuachia mabaki kwenye mahindi yako. Kiwango cha kimataifa cha chakula "kisicho na gluteni" ni miligramu 20 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 50 hiyo ni gramu moja tu.

Mtu mzima aliyeacha ngano na anajisikia vizuri, sina ugomvi naye, mradi ajue kwamba hajapimwa. Mtoto asiyeongezeka uzito ni habari nyingine. Usimnyang'anye uji kwa sababu ya sauti ya WhatsApp. Mpeleke na kadi yake ya kliniki, na kabla hajatolewa damu mwambie mhudumu anakula ngano mara ngapi kwa wiki, hata kama hujaulizwa.